Dakika Kumi za Pasi

Mama yake alikuwa amesahau karibu kila kitu, isipokuwa lile kofi.

Alikuwa amesahau jina la marehemu mumewe. Alisahau kama amekula au hajala, na kama hajala alisahau pia kwamba ana njaa. Mwanamke aliyemvisha soksi kila asubuhi alimwita dada, siku nyingine alimwita muuguzi, na kuna asubuhi alimpokea kwa adabu zote, "Shikamoo, mama," binti aliyemzaa kwa uchungu wake mwenyewe. Hayo yote binti aliyazoea. Lakini akinyoosha mkono ghafla, hata kama ni kuchukua chumvi mezani, kiwiko cha yule bibi kiliruka juu kikakinga uso. Akili ilikuwa imekwenda zake. Mwili ulibaki nyumbani, na ulikuwa unakumbuka.

Kofi lenyewe lilikuwa moja. Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, saa kumi na mbili kasoro. Binti alikuwa ameziacha sare zake mbili za kazi juu ya kiti, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa. Alipotoka bafuni alizikuta kwenye ndoo ya maji ya deki, mama yake ameinama anazisugua kwa mikono miwili huku anaimba.

"Zilikuwa chafu," mama alisema. "Watu watasema nyumba hii haina mwanamke."

Mkono ulikwenda kabla ya mawazo. Pa! Juu ya kiganja cha mama, kama mtu anavyompiga mtoto anayetaka kugusa jiko. Mama hakulia. Aliutazama mkono wake, akamtazama aliyempiga, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimekukosea nini, mwanangu?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima kumwita mwanangu.

Binti akaenda kazini na sare mbichi. Maji yalimchuruzika miguuni njia nzima, na njia nzima alikuwa akitafuta wa kumlaumu. Hakukosa. Alimlaumu fundi cherehani wa mlango wa pili, aliyeshinda na mama mchana na ambaye siku hiyo alichelewa kufika. Alimlaumu aliyekuwa mumewe, aliyekwenda kutafuta kazi mji mwingine akaipata, pamoja na mke. Mtu mmoja tu hakumlaumu waziwazi, kwa kuwa huyo alikuwa kaka yake, na kaka yake alikuwa mtu mwema. Kila mtu alisema hivyo.

Kazini walimwita Pasi, na sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, miaka kumi na tisa nyuma alianzia kwenye mashine ya kupigia pasi, katika chumba cha dobi cha hospitali kubwa. Ya pili hakuna aliyeisema mbele yake. Siku hizi hakuwa kwenye mashine tena, alikuwa mchambuaji. Nguo zikitoka kwenye mashine ya kukaushia zilimwagwa mbele yake juu ya meza ndefu ya bati, mlima wa shuka, foronya na makoti, karibu zote nyeupe, karibu zote sawa kwa macho ya mgeni. Lakini kila kitambaa kilikuwa na mshono mdogo wa uzi pembeni: bluu ni wodi ya watoto, kijani ni ya wazazi, njano ni ya wanaume, nyekundu ni chumba cha upasuaji. Pasi alishika pembe, akatazama uzi, akatupa kwenye gunia lake. Pembe, uzi, gunia. Siku njema alichambua vitambaa mia saba bila kuinua uso.

Mwenzake alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu waliyemwita Redio. Kazi yake ilikuwa kusukuma toroli la magunia kwenda wodini, na njiani hakuzima.

"Pasi leo iko namba ngapi?" Redio alikuwa akiwauliza wenzake asubuhi, kwa kunong'ona ambako kulisikika mpaka kwenye geti. "Sufu au pamba?"

"Pamba," mtu alijibu. "Tena mbichi."

Siku hiyo ya sare mbichi kizunguzungu kilimkamata Pasi kwenye meza. Redio alimshika kwapani, akampeleka kliniki ya wafanyakazi, na kwa mara ya kwanza hakusema neno njiani. Muuguzi wa pale alikuwa mama wa makamo, mfupi, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba. Alimfunga mkono, akapampu, akatazama, akapampu tena.

"Mia moja sabini na tano kwa mia na kumi," alisema. "Unaishi na nani?"

"Hiyo nayo inapimwa?"

"Inapimwa hapa hapa." Muuguzi aligonga kile kipimo kwa ukucha. "Vidonge nitakupa, meza kila siku. Halafu kuna jambo jingine. Kila siku utafute dakika kumi, ukae. Mahali pamoja, saa ile ile. Kaa mgongo wima, funga macho ukitaka, sikiliza pumzi inavyoingia na kutoka. Zihesabu. Moja mpaka kumi, halafu unaanza tena. Akili ikitoroka, na itatoroka, unairudisha. Bila ugomvi. Vitabuni wanaita taamuli. Wewe ita kukaa."

Pasi alimtazama. "Kuvuta pumzi."

"Kuvuta pumzi."

"Sasa mimi hiyo miaka yote nimekuwa nikivuta nini?"

Muuguzi hakucheka wala hakukasirika, na hilo lilimuudhi Pasi zaidi kuliko jibu lolote. "Jaribu wiki tatu," alisema. "Ukishindwa, uje unitukane. Nipo mpaka saa tisa."

Alirudi nyumbani na ghadhabu. Dakika kumi! Watu wanaopata dakika kumi ni watu wenye mtu mwingine wa kumwachia zile dakika. Asubuhi ni mama kuamshwa, mama kuoshwa, mama kuvishwa, chai, dawa. Jioni ni hayo hayo kinyumenyume. Tena maana yake ni ile ile, tulia! Maisha yake yote watu walikuwa wakimwambia atulie, na kila aliyemwambia alikuwa amekalia kiti chake. Mumewe alimwambia tulia huku akifunga begi. Msimamizi wa dobi alimwambia tulia mwaka walipopunguzwa watu wawili na kazi ikabaki ile ile. Na kaka, kila Jumapili kwa simu: "Dada yangu, wewe tulia tu. Wewe ndiye nguzo ya familia hii. Mungu anaona."

Kilemba cha ukoka, alikuwa akijisemea akikata simu. Mungu anaona, wewe je?

Lakini kiwiko. Jioni ile alimpelekea mama kikombe cha chai na kiwiko kikaruka, chai ikamwagika kwenye mkeka, na mama akaanza kuomba msamaha kwa mtu asiyemjua. Pasi alipiga magoti akafuta chai. Alifuta mahali palipokwisha kukauka, akaendelea kufuta. Angeweza kuishi na presha. Angeweza hata kufa nayo, wangapi wamekufa. Lakini mama yake amalize siku zake chini ya paa hili akimwogopa, hapana. Kabla mama hajaondoka duniani, kile kiwiko lazima kishuke.

Kwa hiyo akakaa.

Siku ya kwanza alikalia ndoo iliyopinduliwa bafuni, saa kumi na moja na nusu asubuhi. Moja. Mbili. Bomba lilikuwa linadondosha. Tatu. Nani alisema atakuja kulitengeneza hilo bomba? Kaka. Lini? Kabla ya mvua. Mvua ipi? Alikuwa amefika mbali sana na pumzi wakati mlango ulipogongwa.

"Kuna mtu?" mama aliuliza.

"Nipo, mama."

"Nani yupo?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

Dakika zilikuwa mbili. Alitoka bafuni akiwa na hasira kuliko alivyoingia, na alama ya ukingo wa ndoo mapajani.

Siku ya pili, dakika tatu. Ya tatu alilala, akaamka shingo imepinda. Ya nne alimtukana muuguzi kimoyomoyo kuanzia moja mpaka kumi, akaanza tena, na akagundua kwamba angalau hesabu alikuwa ameifuata.

Akaona nyumbani hapakaliki, akahamia kazini. Nyuma ya chumba cha dobi kulikuwa na stoo ya mablanketi, haina dirisha, ina harufu ya sabuni na sufu ya zamani. Saa nne, wenzake walipokwenda kunywa chai, Pasi aliingia humo, akarudisha mlango, akapanda juu ya rundo la mablanketi. Siku ya pili yake Redio alifungua mlango akitafuta kamba, akamkuta ameketi wima, macho yamefungwa, mikono mapajani.

Akamsogelea, akamchungulia uso. Halafu: "Dada, unasali au umefariki?"

"Toka."

"Nauliza tu. Kama umefariki nikamwite mtu, kama unasali niombee na mimi."

"Redio. Toka!"

Redio alitoka. Kabla ya saa tano, dobi nzima ilijua. "Saa nne Pasi inachomolewa umeme," wakasema, na kila alipopita mtu mmoja alifanya mlio wa pasi inayopoa, tsss. Pasi alirudi kwenye meza yake na kushika pembe za shuka kama anayeshika masikio ya watu.

Karibu wiki mbili zilikwenda hivyo. Kama mtu angemuuliza kukaa kumemletea nini, angejibu: kumeniletea kujua jinsi nilivyo na hasira. Zamani hasira ilikuwa kama kelele ya mashine, hakuisikia kwa kuwa haikuwahi kuzimwa. Sasa kwa dakika kumi mashine zote zilizimwa, na ile kelele ikabaki peke yake, na ilikuwa yake. Nyumbani kiwiko kiliendelea kuruka.

Alhamisi ya wiki ya pili simu ya dobi ililia saa tatu asubuhi. Msimamizi aliipokea, akasikiliza, uso ukamnyong'onyea. Aliyepiga alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, na sauti yake ilitoka kwenye simu mpaka mezani.

"Mmetuletea shuka zina tundu katikati. Tufanye nini nazo, tuwavalishe watoto kama makanzu?"

Shuka zenye tundu ni za upasuaji. Daktari anaacha wazi mahali anapofanyia kazi tu. Na kama za upasuaji zilikuwa kwa watoto, basi za watoto zilikuwa wapi? Simu ikalia tena. Daktari wa upasuaji alikuwa tayari amenawa mikono, mgonjwa yuko kitandani, na kilichofunguliwa mbele yake kilikuwa shuka zenye picha za mabata.

"Wewe!" Pasi alimgeukia Redio kabla msimamizi hajaweka simu chini. "Mdomo unafanya kazi, macho umeyaacha wapi? Miaka mitano unasukuma toroli, hujui upasuaji ni wapi na watoto ni wapi? Mgonjwa amelala pale, wewe unapiga soga njiani!"

Redio alisimama, mikono kwenye toroli, macho yamejaa maji.

"Dada," alisema. "Toroli halijui kusoma. Nimesukuma ulichofunga. Nyekundu umefunga kwenye gunia la bluu. Njoo uone."

Pasi akaenda akaona. Magunia yalirudishwa, yakafunguliwa, na fundo juu yake lilikuwa fundo lake, la kuzungusha mara mbili, hakuna mwingine aliyefunga hivyo. Alikumbuka vizuri alipokuwa akilifunga. Macho yalikuwa kwenye uzi, lakini yeye hakuwepo. Alikuwa kwenye simu ya Jumapili, akimjibu kaka maneno ambayo hakuwahi kumjibu.

Upasuaji ulichelewa nusu saa, mgonjwa hakudhurika, Pasi akapewa onyo la maandishi. Alilisaini bila kulisoma. Kwa Redio alisema, "Nimekuonea." Redio akafuta pua kwa mkono wa sare. "Haya. Lakini yale mabata yalipendeza, sikufichi."

Saa nne aliingia stoo. Alipanda juu ya mablanketi hasira ikiwa imemjaa mpaka kwenye meno, na safari hii hakujaribu kuifukuza. Alikuwa amechoka. Moja, alihesabu. Wazo likaja: msimamizi na karatasi yake. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ulitaka kushika pembe. Basi akaishika. Uzi wa nani huu? Wa msimamizi. Akalitupa kwenye gunia la msimamizi, hakulifua, hakulinyoosha. Mbili. Likaja jingine: bomba linalodondosha. Pembe, uzi. Wa kaka. Gunia. Tatu. Mama alipovunjika nyonga, nani alilala kwenye benchi la wodi siku tisa, na nani alituma ujumbe wa "tuko pamoja"? Wa kaka. Sare mbichi: kwa nini alikuwa peke yake asubuhi ile, na asubuhi zote za miaka sita? Akatazama uzi. Wa kaka. Nyumba yenye vyumba vitano na mama hajawahi kulala hata katika kimoja. Wa kaka. Wa kaka. Mmoja wa mumewe, mkuukuu, umepauka. Wa kaka.

Alipofika kumi alitafuta gunia la mama.

Lilikuwa tupu. Alitafuta vizuri, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, kitu chochote ambacho yule bibi alimkosea. Kusahau? Nani anamkasirikia mtu kwa kusahau. Sare? Alidhani ni chafu, akazifua. Hapakuwa na uzi hata mmoja. Na bado, katika watu wote, ni mama aliyepokea kofi.

Pasi alikaa macho wazi gizani. Hasira haikupungua hata kidogo. Ila kwa mara ya kwanza ilikuwa na anwani.

Kaka alikuja Jumapili ya wiki ya tatu, kama alivyokuja kila baada ya miezi miwili mitatu, shati limenyooka, mkononi mfuko wa matunda. Alikuwa mtu mnene mwenye kicheko kizuri. Alimkumbatia mama, mama akacheka naye. Hakumjua, lakini alipenda harufu ya manukato yake. Alimpapasa shavu, akamtengeneza kitambaa cha kichwa, akapiga naye picha mbili, na kiwiko hakikuruka hata mara moja. Pasi aliyaona hayo kutoka mlango wa jikoni.

"Mama ananawiri," kaka alisema. "Dada, kweli una mkono wa baraka. Ila wewe umekonda. Unajichosha bure, unatakiwa utulie, upate muda wako."

Pasi alikuja na kikombe cha chai. Alipokinyoosha, kiwiko cha mama kikaruka.

Kaka aliacha kucheka. Alimtazama mama, akamtazama dada yake. "Mbona anajikinga?"

Angeweza kusema lolote. Ni ugonjwa, kaka. Ni uzee. Fundi cherehani alikuwa amekwisha kuambiwa hivyo, naye aliamini. Pasi aliweka kikombe mezani, akaketi.

"Kwa sababu nilimpiga."

"Umesemaje?"

"Nilimpiga kofi. Wiki tatu zilizopita, mkononi. Tangu siku hiyo ananiogopa."

Kaka alisimama. Ilikuwa kazi kwake kusimama haraka, lakini alisimama. "Umempiga mama? Mama yangu? Mama aliyetuzaa, wewe unamwinulia mkono? Una wazimu? Majirani wakisikia! Mimi nakuamini, nakuachia mama, kumbe—" Sauti ilipanda, na kadiri ilivyopanda ndivyo alivyoonekana kupata nafuu, kama mtu aliyebeba kitu kizito akaona pa kukitua. Mkono wake ulikuwa umekwisha kushika funguo za gari.

Pasi aliziona zile funguo, na papo hapo akaelewa jambo la miaka sita. Kila mara walipozungumza habari ya mama, yeye alikuwa akilipuka. Alikuwa na haki, na alikuwa akilipuka. Na alipolipuka kaka alisema, "Unaona? Huongeleki," akachukua funguo zake akaondoka amekosewa. Makelele yake ndiyo yaliyokuwa mlango wa kaka wa kutokea. Yeye mwenyewe alikuwa akimfungulia.

Moja, alihesabu. Mbili. Hasira ilikuwa imejaa mikononi, vidole vilikuwa vinamuuma. Tatu.

"Maliza," alisema.

Kaka alikuwa ameishiwa. Alikuwa akingoja zamu yake ya kutukanwa, na haikuja. "Nimemaliza," alisema.

"Nilimpiga, na nitajibu kwa hilo mpaka nife. Lakini lile kofi halikuwa lake. Lilikuwa lako, kaka. Nililipeleka wodi siyo."

"Sasa hayo ni maneno gani—"

"Miaka sita. Namwosha mimi, namlisha mimi, namtafuta barabarani mimi akipotea. Wewe unaniita nguzo. Mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi. Sikuambii haya ili unionee huruma. Nakwambia kuanzia Ijumaa hii, Ijumaa jioni mpaka Jumapili jioni, mama ni wako. Kila wiki. Utakuja kumchukua mwenyewe."

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kwa kaka kama angepaza.

"Dada, unajua hali yangu. Safari zangu. Na wifi yako yule, unamjua, hana moyo wa—"

"Atajifunza. Na mimi sikuzaliwa nao."

"Basi nipe muda nifikirie."

"Fikiria." Pasi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasoro dakika mbili. "Fikiria hapo hapo kitini. Mimi nina dakika kumi zangu, ni saa yake. Nikimaliza utanijibu."

Akanyoosha mgongo, akaweka mikono mapajani, akafumba macho mbele ya kaka yake aliyesimama na funguo mkononi. Alimsikia akihema. Alimsikia akivuta kiti, kiti kikalia, akakikalia. Bomba la bafuni lilikuwa linadondosha, na sasa walikuwa wawili wa kulisikia.

Baada ya muda mama, ambaye alikuwa akiwatazama kwa zamu, alijisogeza kwenye mkeka. Akauliza kwa kunong'ona, kama mtu aliyeingia msibani amechelewa, "Tunangoja nini?"

"Tunamngoja kaka, mama," Pasi alisema bila kufumbua macho.

"Aa." Mama akatikisa kichwa. "Huyo siku zote huchelewa."

Kiti kililia tena. Pasi alifika tano, akaanza upya. Alikuwa bado anawaka. Alikuwa anawaka kiasi kwamba kama ingekuwa zamani vyombo vingekuwa sakafuni. Alikaa nayo tu ile hasira, akiiangalia isiende kwa mtu asiyehusika.

Kaka alipozungumza, sauti ilitoka kavu. "Ijumaa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Na uje na spana ya bomba."

Ijumaa saa kumi na moja kasoro kidogo begi la mama lilikuwa mlangoni: nguo tatu, dawa zenye maelezo, soksi za sufu. Pasi alisimama mbele ya mama na kitambaa cha kichwa mikononi. Siku hizi alikuwa amejifunza namna. Alinyoosha mkono polepole, mahali mama anapoweza kuuona, na kiwiko kiliporuka, kwa maana kiliruka, hakuurudisha mkono wala hakuusogeza mbele. Aliuacha hewani, wazi, akahesabu. Moja. Mbili. Hakusema usiogope, ameshamwogopesha, hana haki ya kumpangia. Tatu. Nne.

Nje gari lilisimama, likapiga honi.

Damu ikampanda. Miaka sita, na dakika moja haiwezi kumngoja! Mkono hewani ulitaka kukunjwa ngumi. Akaangalia uzi. Wa kaka. Akauweka kando, atamkuta nao nje, mwenyewe, ana kwa ana. Tano.

Honi tena.

"Nani huyo?" mama aliuliza nyuma ya kiwiko chake.

"Kaka."

"Amewahi?"

"Leo amewahi. Mwache angoje."

Sita. Saba. Kiwiko kilishuka, kidogo kidogo, kama mtu anayeshusha mzigo asiye na uhakika kama amefika. Pasi alimfunga mama kitambaa, akakaza fundo, la kuzungusha mara mbili.

Jana alihesabu mpaka tisa.